Mgawo: Mito ya Nepal na Giza la Watu Wake

Neno mgawo katika Kiswahili lina nyuso mbili. Uso wa kwanza ni wa zamani na ni wa heri: mgawo ni fungu la mtu, kile kimfikiacho kutoka katika mali ya pamoja, kama vile mgawo wa urithi au mgawo wa nyama ya sadaka. Uso wa pili umekuja na nyaya na nguzo. Siku hizi mtu akisema mjini kwamba leo kuna mgawo, hakuna anayenyoosha mkono kupokea kitu. Watu huinuka kutafuta mishumaa na vibatari, kwani wanajua kwamba kilichogawiwa si nuru bali ni giza.

Miongoni mwa nchi zilizoonja nyuso zote mbili za neno hili, Nepal inastahiki kutazamwa kwa makini. Ni nchi ya milima isiyo na bahari, iliyobanwa kati ya India na China, na ardhi yake hupanda kutoka nyanda zisizofika mita 100 juu ya usawa wa bahari hadi kilele cha Everest chenye mita 8,849. Kupanda huko kote hutimia katika upana usiozidi mwendo wa kilomita mia mbili na ushei. Theluji huyeyuka juu, mvua za pepo za kusi humwagika kati ya Juni na Septemba, na maji yote hayo hukimbilia kusini kwa kishindo kupitia Koshi, Gandaki, Karnali na mito mingine isiyohesabika. Na umeme wa maji hautaki zaidi ya vitu viwili: wingi wa maji, na urefu wa mahali yanapoangukia. Nepal imeruzukiwa vyote viwili.

Mwaka 1966 mtaalamu wa Kinepali, Hari Man Shrestha, katika utafiti wake wa udaktari alioufanya katika Umoja wa Kisovieti, alipiga hesabu ya mito yote ya nchi yake na urefu wa maporomoko yake. Jawabu aliyopata ilikuwa megawati 83,000. Hesabu hiyo ilikuwa ya kinadharia, yaani nguvu iliyomo ndani ya maji yenyewe hata kabla ya kuuliza ni mahali gani panajengeka na kwa gharama gani. Waliokuja kuuliza swali hilo baadaye waliishusha hadi nusu yake hivi. Lakini ile namba ya kwanza ndiyo iliyoshika. Iliingia katika vitabu vya shule, katika hotuba za wanasiasa na katika mazungumzo ya wasafiri ndani ya mabasi. Ikawa mithili ya kibwagizo: kila mtoto wa Nepal alikua akiambiwa kwamba nchi yake ni tajiri wa maji, na wengi wao walikua wakiambiwa hivyo mbele ya taa ya mafuta.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi, na mtu wa haraka angeweza kuitosha habari yote ya Nepal kwa methali hiyo moja. Lakini methali hiyo haitoshi. Wajenzi Nepal ilikuwa nao. Kilichokosekana kwa muda mrefu, na kilichoamua nani aone na nani asione, ni jambo jingine: uadilifu wa mgawaji.

Umeme wa kwanza wa Nepal uliwashwa mwezi Mei 1911, kutoka katika mtambo mdogo wa kilowati 500 uliojengwa Pharping, kusini ya Kathmandu. Mtawala wa wakati huo alikuwa Chandra Shumsher, waziri mkuu wa ukoo wa Rana, na mwanga huo ukapewa jina lake: Chandra Jyoti. Chandra ni mwezi, na jyoti ni nuru. Jina lilikuwa zuri kuliko mambo yenyewe. Nuru ile ya mwezi haikuwaangukia watu wote kama mwezi ufanyavyo; iliingia katika makasri ya watawala, na nje ya kuta za makasri usiku ukabaki ulivyokuwa. Ilipita zaidi ya miaka ishirini kabla ya mtambo wa pili, ule wa Sundarijal wenye kilowati 640, kujengwa. Utawala wa Rana ulipoanguka mwaka 1951, nchi iliyokuwa na mito ya kumulika bara zima ilikuwa na umeme usiotosha mji mmoja.

Huko milimani, hata hivyo, watu hawakuwa wakisubiri kasri iwagawie kitu. Tangu enzi za mababu walikuwa na kinu cha maji wakiitacho ghatta: maji ya kijito huelekezwa kwa mfereji wa mbao, yakapiga mapanga ya gurudumu lililolala, na gurudumu likazungusha jiwe la kusagia. Kutoka katika kinu hicho ndimo ilimozaliwa fikra ya umeme wa kijijini. Mafundi wa Kathmandu na Butwal walianza kuunda mashine ndogo za chuma zilizoweza kubebwa kwa vipande mgongoni mwa watu hadi pasipofika gari. Mchana mashine husaga mahindi na kukoboa mpunga. Usiku huzungusha jenereta.

Katika vijiji hivyo mgawo ulikuwa na uso wake wa kwanza. Mtambo wa kilowati 20, nyumba mia mbili: hesabu yake hata asiyesoma aliijua. Kila nyumba ilipata takriban wati mia moja, basi. Taa mbili tatu na redio. Hakuna aliyeruhusiwa kuchomeka pasi, kwani pasi moja ingezima kitongoji kizima. Kamati ya kijiji ilikusanya ada, ikamlipa kijana wa kuangalia mtambo, na mfereji ulipobomolewa na mvua wote walitoka na majembe. Katika mradi wa Andhikhola wa megawati 5.1, uliokamilishwa mwaka 1991, utaratibu kama huo uliwekwa katika kifaa kidogo cha kukata umeme: nyumba ikivuta zaidi ya fungu lake, hujizima yenyewe. Mradi huo ulikuwa kazi ya kampuni ya Butwal iliyoasisiwa na Odd Hoftun, mhandisi wa Kinorwe aliyefika Nepal mwaka 1958 kujenga hospitali na akabaki kufundisha vijana ufundi. Mashine zake zilikuwa kuukuu, zimeletwa kutoka Norwe baada ya kumaliza kazi huko. Hoftun aliamini kwamba mtambo mdogo unaojengwa na mikono ya wenyeji hutoa vitu viwili, umeme na wajenzi, na kwamba kitu cha pili ndicho chenye thamani zaidi.

Fikra iliyokuwa na nguvu katika mji mkuu ilikuwa nyingine. Matumaini yote yalielekezwa katika mradi mmoja mkubwa, Arun ya Tatu, uliopangwa kuanza na megawati 201 katika bonde la mbali la mashariki, kwa gharama iliyokaribia dola bilioni moja za mikopo na misaada. Wapo Wanepali waliopinga, wakasema kwamba si haki nchi maskini kutia mayai yake yote katika kapu moja la mkopo, ilhali mitambo mingi ya wastani ingeweza kujengwa na mafundi wa nchi. Walipeleka malalamiko yao Benki ya Dunia mwaka 1994, na kesi yao ikawa ya kwanza kusikilizwa na jopo jipya la uchunguzi la benki hiyo. Agosti 1995 benki ikajitoa, na mradi ukafa. Mpaka leo Wanepali hawajaafikiana: wako wasemao kwamba siku hiyo nchi iliokoka, na wako wasemao kwamba siku hiyo ndipo giza lilipoandikwa. Yamkini kila upande umeshika kipande cha ukweli, kwani miradi ya wastani ilijengwa kweli katika miaka iliyofuata, lakini haikujengwa kwa kasi ya watu walivyozidi kuhitaji.

Hapa kuna siri ya maji ambayo msifu mito husahau kuitaja. Mto wa Nepal si mto mmoja. Ni mito miwili katika kitanda kimoja. Wakati wa masika yao hufurika na kubeba mawe makubwa kama nyumba. Wakati wa baridi, kuanzia Disemba hadi Aprili, maji huganda juu na chini hupita kijito. Mitambo mingi ya Nepal haina bwawa la kuwekea akiba; huchota maji yapitayo na kuyarudisha mtoni. Kwa hiyo umeme hupungua sana katika miezi ileile ambayo usiku ni mrefu na baridi ni kali. Bwawa kubwa la kuweka akiba ya msimu lilikuwa moja tu, Kulekhani, lililoanza kazi mwaka 1982; na mwezi Julai 1993 mvua kubwa ilivunja bomba lake kuu na kujaza tope kwa wingi ambao wajenzi walidhani ungechukua miaka mingi kukusanyika. Nchi yenye utajiri wa maji ilikuwa, kwa maneno mengine, kama mtu anayelipwa mshahara wote katika miezi minne bila ya kuwa na kibweta cha kuutia.

Kuanzia mwaka 2006 mgawo ukawa ndio kalenda ya nchi. Mwezi Agosti 2008 ukingo wa mto Koshi ulipasuka, mto ukahama njia, ukaangusha nguzo zilizoleta umeme kutoka India. Majira ya baridi yaliyofuata, mapema mwaka 2009, giza lilifika saa kumi na sita kwa siku. Kathmandu iligawiwa katika vikundi saba, na kila kikundi kilikuwa na ratiba yake iliyobandikwa ukutani kando ya picha za miungu. Watu walijifunza kuamka saa nane za usiku kupiga pasi na kuvuta maji kwa pampu. Wanafunzi walisoma kwa zamu ya umeme, si kwa zamu ya akili. Aliyekuwa nacho alinunua betri au jenereta, mji ukanuka moshi wa dizeli; asiyekuwa nacho alizoea, na mazoea, kama wasemavyo wakubwa, yana taabu.

Msomaji wa visiwani hahitaji kusimuliwa mengi juu ya hali hiyo. Katika mwaka huohuo wa 2008 Unguja ilikaa karibu mwezi mzima bila umeme wa bara, na kuanzia Disemba 2009 ikakaa tena kama miezi mitatu. Visima, mahodhi, barafu ya samaki, duka la nguo la jioni: kila kitu kilionyesha ni kwa kiasi gani uhai wa mji ulikuwa umefungwa katika waya mmoja uliolala chini ya bahari. Lakini kuna tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayofaa kuzingatiwa. Giza la Unguja lilimkuta kila mtu siku moja na kwa sababu moja. Giza la Nepal lilikuwa na ratiba. Na chochote chenye ratiba kina mwandishi wake.

Mwandishi huyo alianza kujulikana mwaka 2016. Mwezi Septemba wa mwaka huo mhandisi Kulman Ghising aliteuliwa kuongoza shirika la umeme la taifa. Kabla ya hapo alikuwa amesimamia mtambo wa Chilime wa megawati 22, na alikijua kitabu cha hesabu za shirika kutoka ndani. Mwishoni mwa Oktoba ikaja sikukuu ya Tihar, ambayo Wanepali huwasha taa kila dirisha na kila kizingiti ili kumkaribisha Lakshmi, mungu wao wa neema. Watu wa Kathmandu walingoja umeme ukatike kama ilivyo ada. Haukukatika. Haukukatika siku ya pili, wala wiki ya pili. Hakuna mto uliokuwa umeongezeka maji katika majuma yale, na hakuna mtambo mkubwa uliokuwa umezinduliwa.

Kilichobadilika ni mgawo. Ilidhihirika kwamba kwa miaka kadhaa viwanda kadhaa vilikuwa vimepewa njia maalumu za umeme na kupata huduma mchana na usiku, huku majumba yakihesabu saa za giza. Uongozi mpya ulipunguza umeme wa viwanda katika saa za jioni, ukapanga upya mitambo ipi izunguke saa ipi, ukafukuza wizi wa nyaya. Insafu inataka isemwe pia kwamba umeme ulionunuliwa kutoka India uliongezwa, kwani njia mpya ya kuvuka mpaka, kutoka Muzaffarpur hadi Dhalkebar, ilikuwa imefunguliwa mwanzoni mwa mwaka huo. Bila umeme huo ratiba isingefutika. Lakini bila kuigusa ile ratiba, umeme huo nao ungeliwa na walewale. Mwaka 2016 karibu robo ya umeme wote ilikuwa ikipotea njiani, kwa uchakavu na kwa wizi. Kufikia 2023 upotevu ulishuka hadi kiasi cha asilimia 13. Mwezi Mei 2018 mgawo ulitangazwa kumalizika hata kwa viwanda. Mabishano juu ya madeni ya zile njia maalumu yaliendelea kwa miaka, hata tume ikaundwa kuyachunguza.

Ghising alikuwa shujaa wa mitaani, na ushujaa una bei yake: mwezi Machi 2025 aliondolewa kabla ya muda wake kwisha, na mwezi Septemba mwaka huohuo, baada ya maasi ya vijana kuiangusha serikali, akaingia katika serikali ya mpito akiwa waziri wa nishati. Lakini habari hii si ya mtu mmoja, na kuifanya ya mtu mmoja ni kukosa somo lake. Mamilioni ya watu walikuwa wameketi gizani muongo mzima wakidhani wananyimwa na mto, kumbe walikuwa pia wananyimwa na kalamu. Kunyimwa na mto humfanya mtu awe na subira. Kunyimwa na kalamu kunadai kitu kingine.

Labda kwa sababu hiyo Wanepali wamejaribu kulitafuta neno jingine la mgawo, neno ambalo Kiswahili nacho kinalo: hisa. Watu wa wilaya ya Rasuwa walidai na wakapata asilimia kumi ya hisa za mtambo wa Chilime, kwa hoja kwamba mto ulipita kwao kabla ya kupita katika mahandaki ya kampuni. Kanuni hiyo ikafuatwa pengine. Mtambo wa Upper Tamakoshi, wenye megawati 456 na maji yaangukayo kutoka urefu wa mita zaidi ya 800, ulijengwa kwa fedha za ndani: shirika la umeme, shirika la simu, akiba za wafanyakazi, na wananchi, wakiwamo wakazi wa wilaya ya Dolakha. Ujenzi ulianza mwaka 2011. Tetemeko la Aprili 2015 likaharibu barabara, kisha mpaka wa India ukafungwa kwa miezi na mafuta yakakosekana. Gharama zikapanda mno, riba nayo ikapanda juu yake. Mtambo uliwashwa mwaka 2021. Wako wanavijiji waliokopa ili wanunue hisa zao, nao wakajifunza kwamba hisa ni fungu la faida na pia ni fungu la hasara. Hata hivyo kuna heshima katika kuumizwa na kitu chako mwenyewe ambayo haimo katika kungojea ratiba ya mtu.

Milima nayo inadai fungu lake. Mwisho wa Septemba 2024 mvua kubwa ziliua zaidi ya watu mia mbili na kuharibu mitambo mingi. Maporomoko ya ardhi yakaunyamazisha Tamakoshi wenyewe kwa muda. Mwezi Julai 2025 maji ya ziwa lililofanyika juu ya barafu upande wa Tibet yalishuka ghafla, yakachukua daraja la mpakani na kuupiga mtambo wa Rasuwagadhi wa megawati 111. Joto la dunia, ambalo Nepal haikulisababisha, linaibadilisha ile hesabu ya 1966 chini ya miguu ya wahandisi.

Sasa mambo yamegeuka. Tangu Novemba 2021 Nepal huuza umeme katika soko la India wakati wa mvua, na baadaye ikaanza kupeleka megawati 40 Bangladesh kwa kupitia nyaya za India. Wakati wa baridi bado hununua. Wakubwa wanazungumza juu ya kuuza megawati 10,000. Pengine wataziuza, na fedha zitakazopatikana ni halali ya nchi iliyongoja sana. Lakini magharibi ya mbali upo Karnali, mto mrefu kuliko yote ya Nepal, na jimbo lililopewa jina lake ndilo ambalo nyaya za taifa zilichelewa kulifikia kuliko kwingineko. Huko mwanamke hupanda kilima alfajiri na mzigo wa kuni, na chini yake, bondeni, maji yanapita yakielekea kwa wanunuzi. Hajapata kusikia habari za 83,000, na akizisikia hazitamfaa kitu. Atakachotaka kujua ni kile ambacho kila mrithi hutaka kujua mbele ya mali ya pamoja: fungu lake ni lipi, na kalamu anayo nani.